Moyo wa Winchi na Sanduku la Fundi Mvumo

Mara ya kwanza Fundi Mvumo kuingia kwenye banda la vyuma chakavu la Bi Mizani, Bi Mizani alijua huyu ni mtu wa kubanwa, tena kabla hajafungua kinywa. Alimjua kwa macho. Mteja asiye na shida hukiendea kitu anachokitaka, akakishika, akakigeuza, akauliza bei kwa sauti. Mteja mwenye shida hutazama kila kitu isipokuwa hicho hicho. Bwana huyu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa sikioni kwa kipande cha waya wa spika, alizipitia amplifaya zote mbovu zilizopangwa ukutani. Kila moja aliichomeka kwenye umeme, akaiunga na spika ndogo aliyoitoa mfukoni, kisha akaligusa tundu la kuingizia sauti kwa ncha ya kidole na kuinamisha kichwa. Ikivuma, alisema polepole, "Hii ipo hai." Isipovuma, aliipapasa mgongoni kama mtu anayetoa pole msibani.

Zote alizigusa, isipokuwa moja.

Hiyo moja ilikaa peke yake kwenye rafu ya juu: amplifaya ya zamani ya taa, zile taa ndefu za kioo zinazowaka wekundu kwa ndani kama makaa. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na uso wake ulikuwa na vitufe vya shaba ambavyo Bi Mizani alikuwa akivifuta vumbi kila wiki bila kujua kwa nini. Mvumo aliipita kama anayepita tofali.

Umeshikwa, Bi Mizani akajisemea.

Jina la Bi Mizani halikutoka kwa wazazi wake. Alianza kazi na gunia la mkaa lililokwisha kazi, akiokota makopo, akapanda hadi shaba, kutoka shaba hadi mota za friji na bodi za redio, na sasa alikuwa na banda, geti na mizani ya chuma iliyosimama katikati ya banda kama mfalme. Kila kilichoingia kilipimwa na kila kilichotoka kilipimwa. Nyuma ya mizani palikuwa na kiti, na kwenye kiti hicho hakuna aliyekaa isipokuwa yeye. Watu walisema hata salamu yako huipima kwanza ndipo aijibu.

Basi akamwacha fundi ajizungushe. Mwisho fundi akaja mezani na vitu ambavyo mtu mwingine angevifagia: aisii tatu nyeusi, vile vidude vya kukuzia sauti, alizozibandua kwenye bodi ya zamani, kila moja ndogo kama punje ya hindi, na mita ya sindano iliyotoka kwenye deki la muziki, ile ambayo sindano yake hucheza ngoma ikipigwa. Bi Mizani akauliza ni za nini. Fundi akajibu ni za kazi tu. Bi Mizani akazifunika kwa kiganja na kusema kuwa vitu vya "kazi tu" haviuzwi siku hiyo, labda siku nyingine.

Ikabidi fundi aseme. Alikuwa amekwenda kliniki kwa ajili ya kikohozi kilichomgomea. Wakamlaza, wakambandika waya kifuani na mikononi, na mashine ikachora moyo wake kwenye karatasi, vilima na mabonde. Kikohozi kiliisha zamani, lakini ile mashine ilimkaa kichwani. Alikuwa ameitazama kwa ubavu pale alipolala, akaona waya zinaingia, alama inakuzwa, karatasi inatoka.

"Kile si kitu cha ajabu, mama," alisema, na kwa mara ya kwanza akamtazama Bi Mizani usoni. "Ni amplifaya tu. Mimi maisha yangu yote natengeneza amplifaya."

Hapo Bi Mizani akaacha kumfikiria mteja, akamfikiria kaka yake.

Kaka yake alikuwa ndiye kifua cha biashara. Mtaani walimwita Winchi, na hakuwa amepewa jina hilo kwa mzaha. Mota ambayo wapakiaji wawili huisukuma wakilaumiana, yeye aliinyanyua, akaiweka begani na kuendelea na hadithi aliyokuwa akiisimulia. Lakini siku za karibuni Bi Mizani alimwona akisimama katikati ya kazi, mkono ukipanda kifuani, kisha ukijifanya unajikuna. Wifi yake ndiye aliyemwaga siri. Alisema mumewe humwambia kuwa kuna kitu kinajigeuza humu ndani, kama samaki kwenye ndoo, halafu kinatulia. Akimwambia twende tukapimwe, huwa mkali. Kauli yake ni moja: hospitali humeza mzima ikatapika mgonjwa.

Bi Mizani alikwisha jaribu kila njia. Alijaribu ukali, Winchi akawa mkali zaidi. Alijaribu kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Winchi akacheka. Daktari aje nyumbani? Winchi alitokea mlango wa nyuma. Tatizo la kaka yake ni kwamba alikulia kwenye mizani kama yeye: hakiamini kitu asichokiona kwa macho yake kikisogea.

Bi Mizani akaondoa kiganja juu ya zile aisii. Akasema havitauzwa, vitatolewa bure. Fundi akatoa macho. Bi Mizani akaendelea kumweleza masharti kama anayesoma hati: atamtengenezea chombo cha kuonyesha moyo, atamwonyesha kaka yake, na kaka yake akienda kliniki kwa miguu yake mwenyewe kwa sababu ya alichokiona, basi ile amplifaya ya taa kule juu ni ya fundi.

Mvumo akaitazama rafu ya juu kana kwamba ndiyo kwanza anajua kuna rafu. "Ile?" akasema. "Ile mbona kama imekufa."

"Kama imekufa usiitake. Na kaka yangu asipokwenda, hizi amplifaya zangu zote za ukutani utazifufua bila malipo, moja moja, hata ukizeekea humu."

Fundi akafikiri kidogo tu, kisha akanyoosha mkono. Bi Mizani akaushika akiwa na furaha ambayo haikuonekana usoni. Alikuwa na sababu yake. Ile amplifaya ilikosa taa moja kubwa, na taa ya aina ile alikwisha itafuta kwa wafanyabiashara wote anaowajua akaambiwa hazipo tena duniani. Alikuwa ameahidi maiti iliyovaa vizuri.

Fundi Mvumo alikuwa na chumba kimoja cha mbele, kati ya kinyozi na mchomeleaji wa vyuma. Bi Mizani hakuwa mtu wa kutoa mali na kuikalia mbali, kwa hiyo alikuwa akipita kila jioni kabla ya kufunga, akivuta kigoda na kukaa. Fundi mwanzoni alikosa raha, kisha akaizoea sauti yake mwenyewe ikimweleza. Alimsimulia jinsi alivyoanza kwa kuwabebea spika wanamuziki wa bendi, na kwamba alijifunza kuzitengeneza kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiziangusha. Alimweleza somo lake la kwanza, aliloachiwa na fundi wa bendi: usihangaike na amplifaya kabla hujaigusa kwa kidole. Mwili wa mtu huokota umeme wa nyaya zote zilizo ukutani, huubeba bila kuusikia, na amplifaya iliyo hai itauvumisha. Ikivuma kuna matumaini. Isipovuma, andaa bisibisi. Ndiyo maana wakamwita Mvumo.

Chombo chenyewe kilikaa ndani ya sanduku dogo la mbao lililokuwa la saa ya ukutani. Zilitoka waya tatu. Mwisho wa kila waya palikuwa na kibati cha mviringo alichokikata kwenye kopo, akakisugua mpaka kikang'aa, na juu yake pamba iliyolowa maji ya chumvi ili ngozi na bati vielewane. Kimoja mkono wa kulia, kimoja wa kushoto, kimoja kifundoni mwa mguu, vyote vikifungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Ndani, ile aisii ilipokea habari za mikono yote miwili. Kinacholetwa sawasawa na mikono yote miwili inakitupa. Kinachotofautiana inakikuza, mara mia, mara elfu, mpaka sindano ya mita isogee.

"Kama madalali wawili," Bi Mizani alisema. "Wakinieleza kitu kile kile najua wamepanga. Nasikiliza pale wanapopishana."

Mvumo akashusha kichomeo chake cha risasi na kumtazama kwa heshima mpya. Akasema hajawahi kusikia mtu akiieleza vizuri hivyo, na kwamba tatizo ni lile lile la madalali, wakati mwingine uongo wao nao hupishana.

Jambo moja tu alilikataa kabisa. Bi Mizani alimwambia achomeke sanduku ukutani aache kuhangaika na betri, kwani betri huisha. Fundi akatikisa kichwa. Amplifaya ya spika iunge unavyotaka, alisema, lakini mtu haungwi na umeme wa ukutani, hata kwa mzaha, hata kwa dakika. Akaweka betri mbili ndogo za mraba na kuzifunga kwa utepe. Kisha, ili kuona kama chombo kimekamilika, akafanya alichokifanya maisha yake yote: akagusa kibati kimoja kwa kidole. Sindano ikaruka na kulala upande wa pili ikitetemeka.

"Ipo hai," akasema, na uso ukamwangaza.

Kumleta Winchi hakukuwa kazi ndogo, lakini Bi Mizani alijua pa kumshikia. Alimwambia mbele ya wapakiaji kwamba fundi ana waya tatu zinazotisha wanaume. Winchi alifika siku hiyo hiyo mchana, amevua shati kabla ya kufika mlangoni, mkewe nyuma yake na chupa ya chai. Akalala kwenye benchi la fundi kama mtu anayemfanyia mwenzake hisani. Waya zikafungwa. Mtaa ulikuwa kwenye shughuli zake: mashine ya kinyozi ikinguruma, mchomeleaji naye akizishikiza grili za madirisha, zzt, akihamia pengine, zzt.

Sindano ikaruka. Ikashuka, ikaruka tena mpaka mwisho wa mita, tak, kama inataka kuvunja kioo.

"Mama yangu," wifi alisema kwa sauti ndogo.

Mvumo alikuwa akicheka peke yake kwa furaha. Winchi akainua kichwa na kuitazama sindano ikipiga, ikipumzika, ikipiga. Akaitazama kwa muda mrefu kama anavyotazama mizani ikiwa na mzigo wake juu. Kisha akamgeukia dada yake.

"Umeona, mdogo wangu? Hilo ndilo la kupelekwa hospitali? Hilo wangelifunga kwenye lori badala ya injini."

Bi Mizani alikuwa ameomba shahidi, na shahidi amekwenda upande wa pili. Winchi alivaa shati na kutoka akiwa na kifua kipana kuliko alichoingia nacho. Jioni hiyo mtaa mzima ulikwisha jua kwamba moyo wa Winchi ulitaka kuvunja mashine.

Zilizofuata zilikuwa siku mbaya kwa Bi Mizani. Kaka yake alianza kunyanyua vitu ambavyo hakuna aliyemwomba avinyanyue. Akikuta watu wawili wamebeba jenereta, aliwanyang'anya. Na Bi Mizani, akiwa kwenye kiti chake nyuma ya mizani, alimwona tena akisimama nyuma ya lori, uso umepauka, mkono kifuani, mdomo wazi kidogo kama anayesikiliza mtu anamwita. Kisha akajikuna na kuendelea. Lori lililotarajiwa wiki ile lilikuwa limebeba injini za matrekta, na Winchi alikwisha tangaza kwamba atashusha moja peke yake.

Katikati ya hayo akaja Mvumo kuchukua amplifaya yake.

Bi Mizani akamwuliza, amplifaya ipi. Fundi akasema ile ya juu, kwani moyo ameuonyesha na watu wameuona. Bi Mizani akamkumbusha maneno ya mapatano: hakusema auonyeshe moyo, alisema kaka yake aende kliniki. Umekwenda kumwambia moyo wake ni trekta, akamwambia, na sasa anataka kubeba trekta. Fundi alisimama pale akiishika miwani yake. Akasema yeye alionyesha alichokiona. Bi Mizani akajibu kwamba hicho ndicho anachokiogopa.

Lakini Winchi mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Siku moja kabla ya lori kufika aliwachukua wapakiaji wenzake watatu, wasiomwamini, akawapeleka kwa fundi wakaone. Bi Mizani alifunga geti na kuwafuata, kwa sababu hakuamini kitu kinachofanyika kwa mali yake akiwa hayupo. Wifi naye alikuja, kwa sababu hakumwamini mumewe. Chumba kikajaa. Fundi hakutaka, lakini Winchi alikwisha lala kwenye benchi na kunyoosha mikono.

Tak. Sindano ikaruka mpaka mwisho. Tak.

Wapakiaji wakaguna kwa mshangao. Mmoja akauliza kama inaweza kupasuka. Winchi, akiwa chali, macho kwenye dari, akaanza kuwasimulia kisa cha mtu aliyemwibia mbuzi jirani yake kisha akaja kumsaidia kumtafuta, na mbuzi akawa anamfuata mwizi kila anapokwenda. Alikuwa mahali pazuri kabisa pa hadithi wakati umeme ulipokatika.

Taa ya fundi ikazima. Mashine ya kinyozi ikakata sauti. Mchomeleaji akasikika akilaani. Na sindano ya mita ikaanguka mpaka chini na kulala.

Mpakiaji mmoja akavua kofia. Wifi akakamata ukingo wa meza.

"...basi yule mbuzi," Winchi akaendelea, "akasimama mlangoni kwa mwizi na kulia kama mtoto aliyefika kwao." Akasubiri kicheko. Hakikuja. Akainua kichwa. "Kuna nini? Mbona mnanitazama kama nimekufa?"

Mpakiaji mwenye kofia mkononi akanyoosha kidole kwenye mita. Winchi akatazama. Akajigusa shavu. Akajigusa jingine. Kisha akasema kwa unyonge ambao hakuna aliyewahi kuusikia kutoka kwake, "Fundi, mimi nipo?"

Bi Mizani ndiye aliyecheka wa kwanza, akacheka mpaka machozi, na wapakiaji wakafuata. Mvumo hakucheka. Alikuwa amesimama dirishani akimtazama mchomeleaji aliyeinua kinyago chake cha kuchomelea na kukaa juu ya rundo la grili. Akaitazama mita. Akamtazama tena mchomeleaji. Bi Mizani aliona uso wa mtu anayegundua kwamba amekuwa akihesabu fedha za mwenzake.

"Ilikuwa ni yeye," fundi akasema. "Kila akigusa chuma, sindano inaruka. Mwili wa Winchi unaokota, mimi nakuza. Nimesikia mvumo nikasema ipo hai, kama nilivyozoea." Akavua miwani. "Siku zote hizi nilikuwa naupima mtaa. Moyo sijauona."

Angeweza kuzima na kuwafukuza wote, na Bi Mizani alidhani ndivyo atakavyofanya. Badala yake aliinama mpaka pua ikakaribia kioo cha mita. Betri zilikuwa bado hai. Mtaa ulikuwa umenyamaza, hakuna waya hata mmoja uliokuwa na umeme. Akaongeza maji ya chumvi kwenye pamba, akawaomba watu wasiguse meza, akashika nobu ya kuongezea nguvu na kuizungusha taratibu mpaka karibu na mwisho.

Sindano ikainuka kidogo sana. Ikashuka. Ikainuka kidogo tena.

Haikuwa trekta. Ilikuwa kitu kidogo, cha adabu, kama mtu anayebisha mlango wa watu wasiomjua. Chumba kizima kikaisogelea. Winchi naye akageuza kichwa kwenye benchi, akaitazama. Tik. Tik. Tik. Kisha zikaja mbili kwa pamoja, tik-tik, sindano ikalala, ikalala zaidi ya inavyopaswa, na ndipo ikapiga moja kubwa na kurudi kwenye mwendo wake.

Mkono wa Winchi ulikuwa umekwisha panda kifuani, ukiburuta waya.

Hakujikuna.

"Huyo ndiye samaki," alisema.

Mkewe akakaa kwenye kigoda bila kuangalia kama kipo. Sindano ikaendelea, na baada ya muda ikafanya hivyo tena, na tena Winchi alikwisha jua kabla haijafika, akasema "sasa", na sindano ikakubaliana naye. Hakuna aliyekuwa akicheka. Bi Mizani alimtazama kaka yake akiutazama moyo wake ukikosea hatua, na akajua biashara imeisha, kwa sababu alikwisha mwona akiwa na uso huo: ni uso wake pale mizani inapoonyesha pungufu ya alichodai, na hawezi kuilaumu mizani.

Hata hivyo Winchi hakuwa mtu wa kujisalimisha bila kupunguziwa. Alisema atakwenda kliniki, lakini fundi aende naye, tena na sanduku, ili wasimwambie uongo. Na injini za matrekta zingoje. Bi Mizani akasema injini hazina haraka, zimekufa miaka mingi.

Kliniki walimkuta daktari mama mtu mzima mwenye ucheshi, aliyewasikiliza hadithi yote ya mchomeleaji mpaka ikambidi aweke kalamu chini. Mashine yake nayo iliona samaki, na pia presha iliyopanda kwa muda mrefu bila kuulizwa. Alimpa Winchi vidonge na tarehe ya kurudi, akamkataza chumvi nyingi na akamkataza kunyanyua kitu chochote kinachohitaji kuguna. Alimwambia wazi kwamba amekuja wakati mzuri, na kwamba wengi huletwa wakiwa wamebebwa na watu ambao wao ndio waliozoea kuwabeba. Kisha akaomba kuliona sanduku. Akalifungua, akazigusa betri, akamsifu fundi kwa kutounga mtu ukutani. Halafu akamwambia kwa upole kwamba sanduku linaweza kuonyesha kwamba moyo unapiga, lakini haliwezi kusema unaumwa nini, wala kwamba ni mzima, na asije akamwambia mtu yeyote lolote kati ya hayo mawili.

Fundi alijibu kwamba hana haja ya kuambiwa. Sanduku lilikwisha mdanganya mara moja mbele ya watu.

Walipotoka nje Bi Mizani aliwahi kumweleza wazo lake. Alisema watu wa mtaa mzima wangelipia kuona mioyo yao, hasa umeme ukikatika, na yeye angetoa banda na kiti, fundi atoe sanduku, wagawane. Mvumo alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Kesho yake asubuhi alikuja bandani na lile sanduku likiwa limefunguliwa kipande kipande: aisii peke yake, waya peke yake, vibati vitatu vikilia kwenye kopo. Akaviweka vyote juu ya mizani.

Nyuma ya mizani, kwenye kile kiti, alikuwa amekaa Winchi.

Hiyo ndiyo hasara ambayo Bi Mizani hakuihesabu alipokuwa akipatana. Mtu asiyeruhusiwa kunyanyua lazima akae mahali, na bandani mahali pa kukaa palikuwa hapo tu. Yeye sasa alikuwa juu ya lori, kichwani kitambaa, akiwagombeza vijana wa kupakia, wakati kaka yake akiwapimia wateja huku akiwasimulia kisa cha mbuzi, mkono ukiwa mwepesi, akiwaongezea kila mmoja kidogo kwa sababu wamecheka. Wateja waliongezeka. Faida haikuongezeka nao. Akimpigia kelele kutoka juu ya lori, Winchi hushika kifua na kumkumbusha kwamba daktari alisema asikasirishwe, jambo ambalo daktari hakulisema.

Winchi akazipima takataka za fundi, akatia chumvi kwenye uzito, akamlipa. Kisha akamwambia akaichukue amplifaya yake.

Mvumo akapanda kigoda na kuiteremsha ile amplifaya ya taa. Kwa mara ya kwanza aliigusa. Bi Mizani, akiwa ameegemea ubavu wa lori, alikuwa amejiandaa kwa hili. Alisubiri fundi aone tundu tupu pale taa kubwa ilipopaswa kuwa, ashtuke, alalamike, na yeye amjibu kwamba maneno yalikuwa amplifaya, hayakuwa amplifaya nzima.

Fundi hakushtuka. Aliipuliza vumbi tu, akaiweka begani na kuaga.

"Hujaona kuwa ina upungufu?" Bi Mizani akamwuliza, maana ilimshinda.

"Niliona siku ya kwanza, mama. Nilivyopita tu." Akasimama getini. "Ninayo ile taa. Nimeifunga kwenye kitambaa miaka kumi na kitu, tangu amplifaya ya bendi ilipoungua, nikaokoa hiyo tu. Nilikuwa natafuta mwili wake."

Akaenda zake. Winchi alicheka sana pale kwenye kiti, mpaka mkewe, aliyekuwa akimletea vidonge na maji, akamwambia atulie. Bi Mizani hakucheka mpaka jioni, wakati wa kufunga geti, muziki ulipoanza kusikika kutoka upande wa kinyozi na mchomeleaji, mpana, wa joto, kila chombo mahali pake. Alisimama na kufuli mkononi, akiusikiliza kwa makini kama anayetafuta kasoro katika mzigo.

Haukuwa na mvumo hata kidogo. Akafunga geti na kupiga hesabu yake. Amplifaya imekwenda, kiti kimekwenda, na kila kilo inayotoka sasa inatoka na nyongeza. Upande wa pili palikuwa na kaka yake, mbele yake njiani, akitembea polepole na mikono mitupu na kulalamika kwamba mchuzi wa siku hizi hauna chumvi.

Akamwambia afunge mdomo na atembee.